R na L katika Orodha ya Miti

Saa tano na dakika ishirini na mbili asubuhi, siku ya Jumanne, nilifuta mstari mmoja katika orodha ya miti. Najua saa hiyo kwa sababu kompyuta huhifadhi saa ya kila badiliko, na kwa sababu nimeitazama mara nyingi mno. Nilistaafu miezi minne iliyopita, kwa ombi langu mwenyewe, nikiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Wenzangu wadogo wa ofisi ya uratibu wameniomba niwaandikie jinsi kazi yetu inavyofanywa. Walitaka mwongozo. Nitawaandikia jinsi nilivyoifanya mimi, kuanzia siku ya kwanza, ili waone kwamba mtu makini anaweza kufika kwenye saa ile bila kuruka hatua hata moja.

Niliingia idara ya misitu kama karani wa masjala, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na viatu vya marehemu babangu, ambaye alikuwa mfanyakazi wa reli. Kutoka nyumbani, mtaa wa Kaloleni, nilitembea hadi katikati ya mji, na kwa kuwa viatu vilikuwa vikubwa nilitembea polepole. Masjala ilikuwa chini kabisa ya jengo. Msitu wa pekee niliouona kwa miaka miwili ya kwanza ulikuwa wa makaratasi.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Mutiso, mkuu wa masjala. Mezani pake palikuwa na vitu vitatu tu: rula ya chuma, penseli nyekundu na mpira wa kuvaa kidoleni wa kufunulia kurasa. Aliniuliza, "Kijana, unajua kusoma?"

"Najua, mzee."

"Sikuulizi kama unajua herufi. Soma hii." Akanipa barua. Nikaisoma yote kwa sauti, vizuri, kama mwanafunzi. Akangoja nimalize. "Sasa niambie, hii barua inataka nani afanye nini, na lini?" Sikujua. Akaichukua, akaipigia mstari sehemu moja, akaniambia niende kunywa chai.

Kwa Mutiso nilijifunza mambo mawili ambayo bado yanatumika ofisini, ingawa sasa tunayafanya kwa kompyuta. La kwanza ni mihuri miwili. Barua ikipigwa muhuri wa "kwa hatua", lazima mtu fulani aijibu na jina lake linaandikwa. Ikipigwa muhuri wa "kwa taarifa", inaingia kwenye faili na kulala. Mutiso alikuwa akisema kwamba anayeshika mihuri hiyo miwili ana nguvu kuliko waziri, ila hapewi gari. La pili ni kisanduku kitupu. Ukiona jedwali lenye kisanduku ambacho hakijajazwa, alisema, hilo ni swali la mtu. Mrudishie mwenyewe ajibu. Usimjibie.

Miti nilijifunza mwenyewe. Nilinunua vitabu vikuukuu vya mimea kwenye vibanda vya barabarani, vingine vikiwa havina jalada, na saa ya chakula cha mchana nilikariri majina ya kisayansi huku nikila maandazi. Baadaye mtunzaji wa mimea iliyokaushwa, mama mmoja mkali, aliniruhusu niingie chumbani mwake mara moja kwa wiki kulinganisha majani na vitabu vyangu. Sharti lake lilikuwa nisiguse kitu na nisiulize maswali ya kijinga. Nilitimiza la kwanza. Kufikia mwaka wa sita, maafisa wenye shahada walikuwa wakishuka masjala kuniuliza tahajia. Nakiri kwamba nilifurahia sana kuulizwa, na msomaji akumbuke jambo hilo.

Ugatuzi ulipokuja, msitu mmoja ulipata wenyewe wawili. Serikali kuu ilibaki na sera, kaunti zikapewa utekelezaji, na katikati pakatokea nafasi ya mtu wa kubeba maneno kutoka upande huu hadi ule bila kuyamwaga. Nafasi hiyo nilipewa mimi. Nikawa katibu wa kamati ya pamoja ya bayoanuwai ya misitu. Katika mikutano ya mwanzo tulitumia saa nzima kuamua nani atakaa kichwani mwa meza. Tatizo hilo nililitatua kwa kuomba meza ya mviringo, na bado nadhani huo ndio mchango wangu mkubwa katika ugatuzi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Ukiandikia kaunti kwamba "imeamuliwa", hawatajibu. Ukiandika "tunapendekeza, na tunaomba maoni yenu kabla ya tarehe fulani", watajibu, japo baada ya tarehe hiyo. Ukipiga simu kabla ya barua, barua itasomwa. Ukituma barua peke yake, itakuwa mgeni asiyejulikana. Wakati mmoja ramani yetu na ramani ya kaunti fulani zilitofautiana kuhusu mpaka wa msitu, na pande zote mbili ziliapa kwamba zina haki. Nilikaa na ramani hizo kwa siku nne nikagundua kwamba zote mbili zilinakiliwa kutoka kwenye karatasi moja ya zamani, na aliyenakili ya kwetu alidhani mto ni barabara. Tangu siku hiyo wakaanza kuniita Mzee wa Orodha, na mimi nikaanza kuliamini jina hilo.

Kisha ikaja kazi ya kuunganisha orodha za miti ya asili. Serikali kuu ilikuwa na orodha yake, kwa majina ya kisayansi. Kaunti zilikuwa na zao, nyingi kwa majina ya kienyeji. Tulitakiwa kutoa orodha moja ambayo ingesema, mti kwa mti, upi haukatwi kabisa na upi unaweza kukatwa kwa kibali cha kaunti. Orodha iliyokuwa bora kuliko zote ilitoka kaunti moja ya magharibi, kwa afisa wa misitu aliyeitwa Rebeka Khasandi, nasi tukaifanya msingi wa orodha ya pamoja bila kubadilisha namba za mistari yake. Rebeka hakuiandika ofisini. Alitembea msituni na vikundi vya akina mama wanaookota kuni, akauliza kila mti jina lake na kazi yake. Mstari wa thelathini na moja ulisema: mulonzo, haukatwi. Jina la kisayansi lilikuwapo. Mstari wa hamsini na nane ulisema: muronzo, unakatwa kwa kibali, wa kuni. Kisanduku cha jina la kisayansi kilikuwa kitupu, na pembeni Rebeka alikuwa ameandika kwa kalamu: sampuli ya majani itatumwa.

Hapa ni lazima niwaambie jambo ambalo faili langu la ajira linalieleza vibaya. Kwenye sehemu ya lugha nilijaza Kiswahili, Kiingereza na Kiluhya. Wazazi wangu walitoka huko huko kwa Rebeka. Lakini mimi nilizaliwa Kaloleni, nikacheza na watoto wa kila kabila, na lugha yetu ilikuwa ile ya mtaani. Mama alinisemesha kwa lugha yake na mimi nikamjibu kwa Kiswahili. Kiluhya changu kilitosha kusalimia, kuomba chakula na kuelewa ninapotukanwa. Nilijua pia kwamba Waluhya wa upande mmoja hutamka L pale ambapo wa upande mwingine hutamka R, kwa sababu shangazi zangu walichekana kwa jambo hilo kila Krismasi. Hicho ndicho nilichojua, na kilikuwa kidogo cha kutosha kunidanganya.

Jumanne ile kamati ilikuwa inapitisha orodha ya mwisho. Mwenyekiti wetu, Bwana Mwaura, mtu mwema asiyependa mikutano mirefu, alikuwa anaisoma ukutani, ilikoangazwa kutoka kwenye kompyuta yangu, mstari kwa mstari. Njeri, mpiga chapa wetu, alikuwa kando yangu. Rebeka hakuwapo, barabara ya kwao ilikuwa imekatika kwa mvua.

"Simama hapo," Mwaura akasema. "Thelathini na moja, na hamsini na nane. Mulonzo, muronzo. Hii si kitu kimoja?"

"Bosi," Njeri akamwambia, "kwenu si hata lori huwa ni rori?"

Chumba kizima kikacheka, na Mwaura mwenyewe akacheka kuliko wote. "Ndiyo maana nauliza, Njeri. Sisi wengine hatuaminiki. Enos, wewe ndiye mtu wa huko. Ni mti mmoja ama ni miwili?"

Jibu sahihi lilikuwa: sijui, nitampigia Rebeka. Lingechukua sekunde tatu. Lakini watu kumi na wanane walikuwa wananitazama kama mtu wa huko, na katika miaka yangu yote ya kazi sikuwa nimewahi kuambiwa na chumba kizima kwamba mimi ni mtu wa mahali fulani.

"Ni mmoja," nikasema. "Upande mmoja wanasema L, upande mwingine R."

"Basi futa moja twende, chai inapoa. Na hii inayobaki, haukatwi ama unakatwa?" Akajijibu mwenyewe. "Kaunti wanalia kila siku kwamba tunawanyima. Wapeni huu. Andika unakatwa kwa kibali."

Nikafuta mstari wa hamsini na nane. Katika mstari wa thelathini na moja nikaandika mulonzo, kisha alama ya mkwaju, kisha muronzo, nikaacha jina la kisayansi lililokuwapo, nikabadilisha hali kuwa "unakatwa kwa kibali". Nikampa Njeri karatasi achape nakala ya mwisho. Jedwali halikuwa na kisanduku kitupu hata kimoja. Nilifurahi, nikaenda kunywa chai.

Siku tisa baadaye bahasha ilifika kutoka kwa Rebeka. Ndani mlikuwa na majani makavu yaliyobanwa katikati ya gazeti, na karatasi iliyosema, "Muronzo, mst. 58." Mstari wa hamsini na nane haukuwapo tena. Nilitazama bahasha ile kwa muda, nikachukua muhuri wa "kwa taarifa", nikaigonga. Sikuyatoa majani. Kama ningeyatoa, mwanafunzi yeyote wa mimea angeona kwamba si mti ule mwingine. Mimi hasa ningeona.

Miezi saba ikapita. Orodha ilisifiwa. Kisha adhuhuri moja simu ikalia mezani.

"Bwana Enos, habari ya huko. Ni Rebeka."

"Nzuri, dada. Barabara imetengenezwa?"

"Imetengenezwa, ndiyo maana malori yanafika. Nina kibali mkononi. Kina muhuri wetu, kina namba ya orodha yenu. Kinasema mulonzo ukatwe. Nani aliandika hivi?"

Nikamweleza habari ya L na R.

"Muronzo ni kichaka," akasema. "Unaota kando ya barabara, ukiukata leo kesho umerudi. Mulonzo, babangu aliukuta, na babu yake aliukuta. Ndio ule mti wenye mashimo, ndege wale hondohondo wanazalia ndani. Enos, wewe ni Mluhya wa wapi?"

"Wa Kaloleni," nikasema.

"Sawa," akasema. "Basi ungeuliza."

Jumamosi hiyo nilipita machinjioni Kiamaiko kununua matumbo, nikayapeleka kwa mama kama kawaida. Bado anaishi Kaloleni, katika nyumba ile ile. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga ya mrenda, na jirani yake, Mama Zablon, alikuwa akimsaidia. Nikamuuliza, kwa Kiswahili, mulonzo ni nini na muronzo ni nini.

Wote wawili wakacheka. "Mama Zablon, sikia hii," mama akasema. "Mtoto wa serikali hajui kuni!" Kisha akanigeukia. "Muronzo ni kuni, Enosi. Tulikuwa tunaukata tukitoka shule. Mulonzo haukatwi. Ukiukata wazee wanakuita, unalipa kondoo. Kwani ofisini kwenu mnaandika nini huko?"

"Tunaandika miti, mama."

"Na hukuniuliza?"

Kutoka mezani pangu hadi mlangoni pake ni mwendo wa dakika arobaini kwa miguu. Nilikuwa nikiufanya kila wiki.

Nilikwenda msituni kwa gharama yangu. Rebeka alinipokea kwa heshima, akanipa buti za mpira, tukatembea. Alikuwa na daftari na mimi nilikuwa na langu. Tulihesabu visiki kila mtu kivyake kisha tukalinganisha, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyofanya kazi sote wawili. Visiki vingine vilikuwa vipana kuliko meza ya mviringo ya kamati yangu. Magogo yalikuwa yamekwenda kuchoma matofali. Mti wa miaka mingi vile, na kazi yake ya mwisho ilikuwa ile ambayo muronzo ungeifanya vizuri.

Sikusikia neno kali kutoka kwake. Alinieleza tu kilichomfika. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amezunguka kwenye makanisa na vikundi akiwaambia watu wasiguse mulonzo, kwamba sheria iko nyuma yake. Wajomba zake mwenyewe aliwazuia. Wengi walimsikiliza.

"Sasa waliokataa kunisikiliza ndio wana kibali," akasema. "Na walionisikiliza wananiuliza kanisani, Afisa, ulikuwa unamwekea nani? Niwajibu nini, Bwana Katibu?"

Nilimwambia nitarekebisha. Hapo nadhani nilisema kweli. Lakini angalieni jinsi nilivyorekebisha.

Kurekebisha mstari mmoja kunahitaji utaratibu ule ule wa kuuandika: pande mbili, sahihi mbili, kikao chenye akidi. Waraka wa masahihisho una sehemu inayouliza chanzo cha kosa. Nilikaa mbele yake asubuhi nzima. Kisha nikaandika maneno mawili: "hitilafu ya uchapaji". Nilijiambia kwamba maneno hayo hayamtaji mtu. Katika ofisi yetu palikuwa na mpiga chapa mmoja.

Njeri aliandikiwa barua ya onyo. Alikuja nayo mezani pangu, akaiweka juu ya rula niliyoachiwa na Mutiso.

"Mzee, mimi nilichapa ulichonipa."

"Najua, Njeri."

"Basi andika hivyo."

"Nitaandika."

Hakunikumbusha. Aliacha kunywa chai meza yetu, akaacha na utani, na kikao kilikuwa kizito bila utani wake. Niliandika barua ya kuondoa onyo lile katika mwezi wangu wa mwisho wa kazi, wakati haikuweza tena kunigharimu chochote. Alipopewa nakala aliisoma, akaipiga muhuri wa "kwa taarifa" mbele yangu, akaiweka kwenye faili. Kwa hiyo naandika hapa wazi, kwa ajili ya yeyote atakayelifungua faili hilo: Njeri alichapa sawasawa. Kosa ni la Enos, na halikuwa la uchapaji. Niliulizwa swali nisilojua jibu lake nikajibu.

Masahihisho yenyewe yalichelewa. Kikao cha kwanza hakikufikisha akidi kwa sababu kaunti mbili zilikuwa kwenye vikao vya bajeti. Cha pili kiliahirishwa kwa sababu Bwana Mwaura alihamishwa na mwenyekiti mpya alitaka kwanza kuelezwa kamati ni ya nini. Cha tatu kilikaa, kikapitisha, na mwanasheria akarudisha waraka kwa sababu chanzo cha kosa kilikuwa kimeelezwa kwa ufupi mno. Hilo la mwanasheria nililistahili. Muda wote huo vibali viliendelea kutolewa, vyote halali, vikiwa na namba ya mstari wangu. Rebeka alijaribu kuvizuia kwa mdomo. Akaandikiwa barua kwamba anazuia huduma kwa umma.

Mmeniomba mwongozo, basi chukueni huu. Mtu akikuita mtu wa huko, sema unatoka wapi hasa. Fungua kila bahasha yenye majani. Na "sijui" iwekwe kwenye kumbukumbu za mkutano kama jibu, kwa jina la aliyelitoa, kama majibu mengine.

Wiki yangu ya mwisho niliomba kaunti inipe nakala za vitabu vya stakabadhi, kutoka siku orodha ilipoanza kutumika hadi siku mstari uliporekebishwa. Walizileta bila kuuliza za nini. Nilizipitia kwa penseli nyekundu, mara mbili, na hesabu yangu ikalingana na ya Rebeka. Ni miti themanini na mitatu, kila mmoja kwa ada ya kibali ya shilingi mia tano. Jumla ya fedha zilizoingia katika hazina ya kaunti kutokana na jibu langu ni shilingi elfu arobaini na moja na mia tano.